Kwa nini tunaomba kuona daftari lako kabla ya kutaja bei ya mfumo

Mteja anayefika ofisini kwetu Mwenge, Dar es Salaam, au anayetupigia simu kutoka Kariakoo, kwa kawaida huuliza mambo mawili: mfumo wa kompyuta wa stoo tutakaomtengenezea utagharimu kiasi gani na utakamilika lini. Kabla ya kumjibu, humwomba atuletee daftari la stoo, kitabu cha hati za kupokelea mzigo na, kama lipo, faili la Excel ambalo karani wake hulijaza jioni. Wapo wanaodhani tunawazungusha, hasa kwa kuwa wamesikia, na ni kweli, kwamba majukwaa tunayotumia kutengenezea mifumo huweza kutoa programu ya simu inayofanya kazi ndani ya siku chache. Tumeona ni haki yao kuelezwa sababu.

Majukwaa hayo huitwa ya msimbo mchache, jina lililoanza kutumika mwaka 2014, ingawa wazo lenyewe lina umri mkubwa zaidi. Waliofanya kazi za ofisi miaka ya 1990 watakumbuka Microsoft Access, programu ya kuhifadhi data iliyotoka mwaka 1992, na fomu zake zilizochorwa juu ya majedwali. Mtengenezaji haandiki kila mstari wa msimbo, bali huunganisha vipande vilivyokwisha kuandaliwa, yaani fomu, orodha, kitufe cha kuidhinisha na ujumbe wa kumtaarifu meneja, kisha huongeza kanuni fupi zinazofanana sana na zile za Excel. Kazi ya skrini iliyokuwa ikichukua wiki kadhaa hupungua kweli. Isiyopungua ni kazi ya kuamua nini kiandikwe, na nani, na wakati gani, kwa sababu hakuna jukwaa linalojua kwamba mzigo uliotolewa kwa mali kauli haujauzwa bado, au kwamba boksi moja kwako ni pisi 12 na kwa jirani yako ni 10.

Chukulia duka la vipuri Gerezani. Katika daftari lake bidhaa moja huweza kuandikwa “pedi za breki Noah” siku ya Jumatatu, “breki pedi Noah” Jumatano na “pedi Noah mbele” mwisho wa wiki, kutegemea ni nani aliyeshika kalamu. Muuzaji anaelewa kwamba zote ni kitu kimoja, lakini programu itahesabu bidhaa tatu. Kwa hiyo kazi yetu ya kwanza huwa ni kuipa kila bidhaa namba yake katika jedwali la bidhaa, na kuweka jedwali la pili ambamo kila kinachoingia na kila kinachotoka kina mstari wake, tarehe yake na jina la aliyehusika. Baki halijazwi na mtu. Hukokotolewa kutoka katika mistari hiyo. Pakitokea upungufu, mwenye duka anaweza kurudi nyuma mstari kwa mstari, jambo lisilowezekana pale ambapo karani amekuwa akifuta baki la jana na kuandika la leo.

Wingi wa mistari nao una maana kubwa kuliko wengi wanavyodhani. Katika Power Apps, jukwaa la Microsoft la msimbo mchache, kanuni ambayo chanzo cha data, yaani mahali mistari inapohifadhiwa, hakiwezi kuikokotoa chenyewe hufanyiwa hesabu ndani ya programu, juu ya rekodi 500 za mwanzo tu. Mtengenezaji anaweza kupandisha kiwango hicho hadi 2,000, na si zaidi. Duka linaloandika mistari 40 kwa siku hufikisha 500 siku ya 13 na 2,000 siku ya 50. Baada ya hapo mauzo yanaendelea kuandikwa lakini jumla haisogei, na muuzaji haoni onyo lolote, kwani onyo hilo huonyeshwa kwa mtengenezaji wakati wa kujenga. Microsoft imeueleza ukomo huo waziwazi katika maelekezo yake, na dawa yake ni kuchagua hifadhidata inayoweza kufanya hesabu yenyewe na kuandika kanuni zinazoiachia kazi hiyo. Hata wakubwa huteleza: mwaka 2020, nchini Uingereza, karibu wagonjwa 16,000 wa Uviko-19 hawakuingizwa katika takwimu kwa wakati kwa sababu ya faili la Excel la muundo wa zamani, ambao haubebi mistari zaidi ya 65,536. Basi tunapouliza unaandika mistari mingapi kwa siku, tunatafuta mahali pa kuweka data yako, na bei hutokana na hapo.

Mtandao unapokatika ni suala jingine. AppSheet, jukwaa la Google la aina hiyo hiyo, kwa mfano, huweza kuhifadhi maingizo kwenye simu na kuyapeleka mtandao unaporudi, lakini wauzaji wawili wakiuza giaboksi moja iliyobaki, kila mmoja kwenye simu isiyo na bando, ni mwenye duka anayepaswa kuwa ameamua mapema ni mauzo yapi yatasimama.

Mengine tunayaeleza kwa ufupi. Leseni mara nyingi hulipwa kwa kila mtumiaji kila mwezi, kwa hiyo duka la wafanyakazi 20 lifanye hesabu ya mwaka mzima. Ukihama jukwaa, data hutoka, lakini skrini na kanuni kwa kawaida hujengwa upya. Majina na namba za simu za wateja zinaangukia chini ya Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na mfumo wa stoo haukuondolei wajibu wa kutoa risiti ya mashine ya kodi (EFD).

Duka la watu wawili linaloandika mistari sita kwa siku tunalishauri libaki na daftari, au faili moja la Excel lililopangwa vizuri, na ushauri huo hatuutozi.

Ukija, leta madaftari ya miezi mitatu iliyopita kama yalivyo. Tafadhali usiyanakili upya ili yapendeze, kwa kuwa mistari iliyokatwa na maneno yaliyoandikwa pembeni kwa haraka ndiyo tunayoyasoma kwanza.