Wito wa Harambee kwa Ajili ya Kitengo Maalum cha Shule Yetu

Kwa wazazi, walimu, wanafunzi wa zamani, viongozi wa dini na majirani wetu hapa Kayole,

Kengele ya shule yetu ni rimu ya gari iliyotundikwa mtini na kugongwa kwa nondo. Kwa wanafunzi wengi mlio huo ni habari njema ya uji, lakini kwa mmoja wa watoto wa Kitengo Maalum, yaani kitengo cha wanafunzi wenye mahitaji maalum, mvulana wa miaka tisa mwenye usonji (autism) ambaye huziba masikio hata matatu ikipiga honi barabarani, mlio huo ulikuwa mateso. Muhula mzima alitoka mbio kila rimu ilipogongwa, akakimbilia lango, na kila mara mama yake, anayeuza mboga karibu na steji, alipigiwa simu aache biashara aje amchukue. Katika rejista alihesabiwa mwanafunzi kama wengine. Darasani hakukaa hadi saa tano.

Mzazi mmoja wa kitengo alijitolea kukaa naye. Dakika tano kabla ya kengele alimwonyesha picha ya rimu, akamvalisha vifunika masikio, kisha wakasubiri pamoja mlio upite. Baada ya wiki chache mtoto alikuwa akishinda shuleni hadi wenzake wanapoondoka. Mzazi huyo ana kazi yake Buruburu na hakuweza kujitolea daima; alipoacha, simu kwa mama mboga zilianza upya. Ndiyo sababu tunawaandikia.

Haki ya watoto wa kitengo haina utata. Kifungu cha 53 cha Katiba ya mwaka 2010 kinampa kila mtoto elimu ya msingi ya bure na ya lazima, na kifungu cha 54 kinawapa watu wenye ulemavu haki ya kuingia katika taasisi za elimu zinazowajumuisha na jamii. Shule yetu iliwapokea, na walimu wawili wa elimu maalum wanajitahidi kuliko wanavyolipwa. Hata hivyo, Tume ya Kuwaajiri Walimu huajiri walimu tu. Msaidizi wa darasa, yule anayempeleka mtoto chooni, anayemlisha na kumfuata anapotoka mbio, huachiwa bodi ya shule, nayo hutegemea mgao wa serikali ambao kwa mwanafunzi wa shule ya msingi ni shilingi 1,420 kwa mwaka. Hata ukijumlisha nyongeza ya mahitaji maalum, hapo hapatoki mshahara wa mtu.

Baadhi ya majirani wametushauri tuwapeleke watoto wakaombewe. Tunawashukuru, na maombi tunafanya. Ila ushauri huo mara nyingi huja na minong'ono kwamba mama alikosea mahali fulani, na hilo tunaomba likome. Mwaka 2003 ni wazazi, hapa hapa Nairobi, waliosukuma hadi kitengo cha usonji kikaanzishwa katika City Primary, Ngara. Hawakungoja minong'ono iishe.

Tunahitaji shilingi 520,000. Kiasi kikubwa, 324,000, ni mshahara wa wasaidizi wawili, kila mmoja akilipwa 18,000 kwa miezi tisa ya masomo. Shilingi 170,000 zitageuza stoo ya madawati mabovu kuwa chumba cha utulivu chenye dari, maana mvua ikipiga mabati matupu hakuna mtoto wa kitengo anayetulia, pamoja na mikeka na mlango unaofungika. Zinazobaki, 26,000, ni za vifunika masikio na kadi za picha. Wazazi wa watoto 23 wa kitengo tumekwisha kuchanga 87,000, na wapo miongoni mwetu waliotoa kwa hamsini hamsini.

Mchango huu ni wa hiari. Hakuna mtoto, wa kitengo au wa madarasa mengine, atakayerudishwa nyumbani kwa kuwa mzazi wake hakuchanga, na yeyote atakayeambiwa hivyo aiarifu kamati mara moja. Asiye na fedha anaweza kuleta mbao, rangi au siku moja ya ufundi. Fundi wa dari, kwa kweli, tunamhitaji kuliko mgeni rasmi.

Harambee itafanyika katika uwanja wa shule Jumamosi ya mwisho ya muhula huu, kuanzia saa nne asubuhi. Hatutatumia vipaza sauti, kwa sababu watoto wenyewe watakuwepo. Michango ya mapema ipokelewe na mweka hazina katika ofisi ya shule, naye atatoa risiti kwa kila shilingi, na hesabu zitabandikwa kwenye ubao wa matangazo kila mwisho wa mwezi hadi fedha zitakapokwisha kutumika.

Wenu,
Kamati ya Wazazi wa Kitengo Maalum