Vurugu za Geita 1958 hazikuletwa na wachochezi

Ndugu Mhariri,

Nimechoka kusoma kila mara kwamba uhuru ulidaiwa Dar afu sisi wa Kanda ya Ziwa tukaletewa taarifa tu, na kwamba vurugu za Geita 1958 zililetwa na wachochezi. Sio kweli. Huku ugomvi ulianzia shambani na zizini, na aliyeuwasha ni serikali ya mkoloni yenyewe kwa amri zake.

Baada ya vita ya pili ya dunia Waingereza walileta mpango wa kuendeleza Usukuma. Kwenye karatasi ulikua mzuri tu, udongo usimomonyoke, mifugo isizidi malisho, ila utekelezaji sasa! Mkulima wa pamba analazimishwa kulima matuta, afu katikati ya tuta na tuta akatishe vijituta vingine ili maji yasimame, yote hiyo kwa jembe la mkono, asipofanya faini, na anayekuja kumkamata ni mtu wa mtemi wake mwenyewe, ndo maana watu wakaanza kuwachukia hadi watemi. Kwenye ng'ombe ndo kabisa, unaambiwa punguza, wakati ng'ombe ndo mahari ya kijana wako na ndo chakula mvua ikigoma. Hakuna aliyekaa nao akawauliza.

1954 TANU, chama kilichodai uhuru, ikanyimwa usajili Jimbo la Ziwa mpaka 1958, wakidhani ukifunga chama na hasira zinaisha. Wapi! Watu walishajipanga kwenye ushirika, kina Paul Bomani, wamechoka kupunjwa kwenye mizani ya pamba, na 1955 wakaunda VFCU, yaani muungano wa vyama vya ushirika vya wakulima wa pamba. Ushirika Waingereza wangeufungaje wakati pamba wanaitaka wao wenyewe?

Afu 1958 Geita wakaletewa baraza la wilaya la kuchanganya rangi, viti kwa Wazungu na Wahindi wakati wilaya nzima ni Wasukuma na Wazinza. Watu wakakataa, wakaja mpaka hapa Mwanza kumuona mkuu wa jimbo, enzi hizo hakuna lami wala daraja la Busisi, wakapigwa mabomu ya machozi. Ila mwaka haukuisha TANU ikaruhusiwa, na zile amri za matuta zikaachwa.

Waliokua vijana siku hizo sasa wana miaka themanini na kitu, wapo Sengerema, Kwimba, Geita, na wanazikwa kila wiki. Mhariri tunaomba utume waandishi wakawasikilize mwaka huu huu, na uwape ukurasa.

Msomaji wako,
Nyegezi, Mwanza