Risala ya Kamati za Shule za Kata kwa Mgeni Rasmi, Uzinduzi wa Kukusanya Chakula cha Wanafunzi

Mheshimiwa Mkuu wa Wilaya, mgeni wetu rasmi,
Waheshimiwa viongozi wa chama na serikali,
Walimu, wazazi na watoto wetu,

Awali ya yote tunamshukuru Mwenyezi Mungu kwa kutukutanisha salama. Karibu sana katika kata yetu. Tumefarijika kukuona umekuja msimu huu wa mavuno, maana chakula cha shule hufa au kupona kwa yanayofanyika sasa, kati ya Juni na Agosti.

Mheshimiwa mgeni rasmi, tangu 2016 ada imeondolewa, lakini chakula cha mwanafunzi wa kutwa kimebaki jukumu la mzazi. Huku kwetu Dodoma mvua ni za msimu mmoja. Mchango ukiitishwa Januari, ghala la nyumbani limeshakuwa tupu na mahindi dukani yamepanda bei. Mzazi huyo huyo anayeonekana mkaidi Januari angetoa Julai bila kusukumwa. Kwa hiyo mikutano mikuu ya vijiji imeamua mchango utolewe kwa nafaka, wakati wa kuvuna.

Hesabu yetu ni hii. Mtoto mmoja anakula makande ya gramu 120 za mahindi na gramu 40 za maharage kwa siku. Kwa siku 194 za masomo ni kilo 23 na robo za mahindi na karibu kilo 8 za maharage. Tunapokea kilo 24 na kilo 8, kwa mizani. Debe tumeliacha: lenye tako lililobonyea linapunja shule, na la kujaza kichuguu linamuumiza mzazi, na ugomvi wa namna hiyo ndio unaowafanya watu waache kuchangia. Asiye na nafaka anafanya kazi kwenye shamba la shule au anachota maji ya jikoni. Mtoto wake anakula na wenzake. Hatukubali mtoto asimame pembeni na bakuli tupu kwa deni la mzazi.

Mheshimiwa, eneo linalotutia hofu zaidi ni ghala. Mwaka 2016 sumukuvu, sumu ya kuvu wanaoota kwenye nafaka yenye unyevu, iliua watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara, na sumu hiyo haiondoki kwa kuchemsha. Kinga yake ni ukavu. Kila gunia linapopokelewa tunachukua chupa ya kioo iliyo kavu, tunatia chumvi kavu, tunaongeza mahindi, tunatikisa na kuiacha dakika 15. Chumvi ikiganda kwenye kioo, mahindi yanarudi juani, juu ya turubai na si juu ya udongo. Yaliyovunda au kubadilika rangi hayapokelewi kabisa.

Yaliyokauka yanaingia kwenye mifuko ya tabaka tatu, miwili ya ndani ikifungwa mmoja mmoja baada ya kukamuliwa hewa. Inakaa juu ya chaga, mbali na ukuta, panya wasipate maficho. Kosa la kawaida ni kufungua mifuko kadhaa kwa pamoja na kuchota kidogo kidogo. Hewa ikiingia, bungua anafufuka. Tunafungua mmoja na kuumaliza kwanza. Kwa watoto 100 mfuko wa kilo 100 unakwisha kwa siku 8.

Jikoni, maharage yanalowekwa usiku kucha na maji yake yanamwagwa. Mahindi yanakobolewa. Hatua hizo mbili zinapunguza kuni nyingi kuliko mahubiri yoyote ya kubana matumizi. Chumvi yenye madini joto inatiwa mwishoni, kwani moto mrefu unayapoteza. Maharage ya msimu uliopita hayachanganywi na mapya: mapya yanarojeka huku ya zamani bado mawe.

Awali na darasa la kwanza wanapata uji saa tatu asubuhi. Uji wa saa sita humkuta mtoto aliyetembea kutoka kitongoji cha mbali ameshasinzia juu ya daftari, na kipindi cha kusoma kimepita. Shibe ya mchana ndiyo inayotuwezesha kubaki na wasiojua kusoma hadi saa tisa kwa masomo ya ziada ya KKK, yaani kusoma, kuandika na kuhesabu.

Mheshimiwa mgeni rasmi, tuna maombi matatu. Halmashauri iupe mchango huu nguvu ya sheria ndogo, ili uamuzi wa kijiji usife mwenyekiti akibadilika. Shule shikizi, zile ndogo za vitongoji vya mbali zilizo chini ya shule mama, zipatiwe matangi ya kuvuna maji ya mvua, maana huko jiko linazimika kwa kukosa maji hata nafaka ikiwepo. Na Afisa Kilimo aje na kipima unyevu kila Julai, kuhakiki kazi ya chupa zetu.

Magunia ya leo bado hayajapimwa. Tunakuomba, ukitoka hapa jukwaani, uelekee nasi ghalani ulipime la kwanza kwa chupa ya chumvi.

Tunaomba kuwasilisha.