Barua kwa mhariri: Kuhusu sisi tunaoambiwa tunakagua karatasi tu

Mhariri, habari za kazi. Naomba nafasi kidogo nimjibu msomaji wako aliyeandika kwamba wanasheria wa serikali wanaosimamia soko la dhamana kazi yao ni kukagua karatasi, hela zenyewe hawazioni. Nimeisoma barua yake mara mbili. Mi ni mmoja wa hao wanasheria, mwaka wa kumi na moja sasa nashinda na mafaili ya hizi hatifungani, yani vyeti vya deni, zinazotengenezwa kwa kufungasha mikopo, na nakiri alichosema kina ukweli, ndo maana kimeniuma, ila kuna upande hajauona.

Tuelewane kwanza tunaongelea nini maana hii kitu watu wanaiogopa kwa jina tu. Benki inakopesha watu kibao, mikopo ya nyumba, ya magari, ya kadi. Badala ya kukaa miaka 20 au 30 ikisubiri marejesho, inaiuza ile mikopo kwa kampuni maalumu iliyoanzishwa kwa kazi hiyo moja tu, haina wafanyakazi wala biashara nyingine, na hiyo kampuni inauza hatifungani kwa wawekezaji, alafu marejesho ya wakopaji ndo yanawalipa wawekezaji. Benki imepata hela yake leo, inakopesha wengine. Marekani walianza kufungasha mikopo ya nyumba namna hii mwaka 1970 kwa dhamana ya Ginnie Mae ambalo ni shirika la serikali, na mi sina ugomvi na wazo lenyewe, kuna watu wengi sana wamepata nyumba kwa sababu yake. Kwahiyo wanaosema zipigwe marufuku zote siko nao.

Sumu iko kwenye matabaka, yani hatifungani kugawanywa kwa makundi ya nani analipwa kwanza. Chukua mikopo ya jumla ya 100, uigawe tabaka la juu 80, la kati 15, la chini 5. Marejesho yakiingia yanaanza kulipa juu, juu wakishapata chao ndo inashuka kati, kinachobaki kinaenda chini. Hasara inaenda kinyume, inaanzia chini kupanda. Ikipotea 4, wa chini kabaki na 1 na wenzake hawajaguswa. Ikipotea 12, wa chini kaisha kabisa, wa kati kapoteza 7 kati ya zake 15, wa juu bado analala usingizi. Ndo maana lile tabaka la juu linapewa alama ya AAA, yani ya usalama wa juu kabisa, na hiyo hesabu ni halali kabisa, mradi mikopo iliyoko chini yake iwe kweli ni kama ilivyoelezwa.

Sasa kabla ya 2008 watu wakachukua matabaka ya kati ya madili mengi wakayafungasha upya, na sehemu kubwa ya kile kifurushi kipya ikapewa tena AAA, hoja ikiwa kwamba yote hayawezi kuanguka siku moja. Lakini yalikuwa yamebeba mikopo ya aina ile ile, ya miaka ile ile, yote inategemea bei za nyumba ziendelee kupanda. Bei zikashuka. Hasara kama ile ya 12, na kubwa zaidi, ikapita kwenye dili hili na lile na lile kwa wakati mmoja, na tabaka la kati likishafutika kila mahali basi kifurushi kilichojengwa kwa matabaka ya kati peke yake kinasimamia nini? Lehman Brothers, benki kubwa ya uwekezaji ya Marekani, waliomba kufilisiwa tarehe 15 Septemba 2008, na mojawapo ya kampuni zilizokuwa zinagawa zile alama, S&P, ilikuja kukubali kulipa dola bilioni 1.375 mwaka 2015 kumaliza kesi zake na serikali ya Marekani na majimbo.

Na hapa ndo nampa msomaji wako haki yake. Karatasi zilikuwepo. Nyaraka za matarajio, zile zinazomweleza mwekezaji anauziwa nini, zilikuwa na mamia ya kurasa, zina saini, zina kurasa na kurasa za tahadhari kwamba mwekezaji anaweza kupoteza hela. Mtu ukikaa na orodha yako ukaweka tiki, kila kitu kimo. Ila muhtasari wa mikopo ulikuwa wa wastani, wastani wa kipato, wastani wa thamani ya nyumba, na wastani unaficha mengi sana jamani, mikopo mibovu elfu moja inajificha vizuri kabisa nyuma ya mikopo mizuri elfu nne.

Kuna kesi naitolea mfano kwa kila kijana anayeingia ofisini kwetu, ya dili lililoitwa Abacus 2007-AC1. SEC, yani tume ya Marekani inayosimamia soko la dhamana, iliifungulia mashtaka benki ya Goldman Sachs mwezi Aprili 2010 ikisema wawekezaji hawakuambiwa kwamba mfuko wa uwekezaji wa Paulson ulishiriki kuchagua hatifungani za mikopo ya nyumba ambazo lile dili lilizitegemea huku mfuko huo huo umeweka dau kwamba hatifungani hizo zitaanguka. Julai mwaka ule ule Goldman ikakubali kulipa dola milioni 550 na ikakiri kwamba nyaraka za mauzo hazikuwa na taarifa kamili. Hebu soma tena hapo, taarifa kamili. Hakuna aliyekosea hesabu, hakuna ukurasa uliochanika, kilichokosekana ni sentensi moja ya nani kachagua na nafsi yake inataka nini. Sentensi kama hiyo hauwezi kuikuta kwenye orodha ya tiki, lazima mtu akae ajiulize huyu anayeuza anapata nini mnunuzi akipoteza. Ilichukua hadi Novemba 2023 ndo SEC ikapitisha kanuni ya 192 inayomkataza aliyeshiriki kutengeneza dili kuweka dau dhidi ya dili lake hilo hilo mpaka upite mwaka mmoja tangu mauzo ya kwanza yafungwe. Miaka 13 baada ya Dodd-Frank, sheria ya Marekani ya kurekebisha masoko ya fedha baada ya mgogoro wa 2008, kuagiza hivyo! Mi kwangu huo ni uzembe wa kusikitisha, na nasema hivyo nikiwa mwanasheria wa serikali mwenyewe.

Mengine yalirekebishwa mapema kidogo. Dodd-Frank ya 2010 iliweka msingi kwamba anayefungasha mikopo abaki na angalau asilimia 5 ya hatari yake, asiuze yote akaondoka bila kubeba hatari yoyote, na Ulaya nao wana sharti hilo hilo la asilimia 5 kwenye kanuni yao iliyoanza kutumika Januari 2019. Naipenda sana hii kanuni, ila tusijidanganye, ina matundu. Februari 2018 mahakama ya rufaa ya Washington iliamua kwamba mameneja wa vile vifurushi vya mikopo ya makampuni inayonunuliwa sokoni hawabanwi na hiyo asilimia 5, kwa sababu wao mikopo haikuwahi kuwa mali yao, sasa utamwambiaje mtu abakize kitu ambacho hajawahi kukishika. Kisheria hukumu imekaa sawa, nimeisoma, siwezi kuipinga. Ila kwa mwekezaji anayedhani kila kifurushi kina mtu aliyebaki na maumivu yake ndani, ni jambo anatakiwa alijue.

Alafu Agosti 2014 ikaja kanuni ya SEC ambayo kwa kweli ilibadilisha kazi yetu, data ya mkopo mmoja mmoja. Kwa dili la mikopo ya magari linalouzwa kwa umma Marekani, kila mkopo unaelezwa kwa vipengele 72, kiasi, riba, muda, kipato kilihakikiwa au hakikuhakikiwa, amelipa mwisho lini. Waraka wa awali wa matarajio lazima uwasilishwe angalau siku 3 za kazi kabla ya mauzo ya kwanza, na bosi mkuu wa kampuni inayoikabidhi mikopo kwa ile kampuni maalumu anatia saini yeye mwenyewe. Mikopo mibovu haina tena pa kujificha nyuma ya wastani, kama kuna mtu wa kuifungua hiyo data.

Hapo kwenye kuifungua ndo nataka niseme kitu nilichokiona mwenyewe. Tulipokea faili moja, kampuni siitaji, mwanzoni kabisa imeandikwa hakuna mkopo uliochelewa zaidi ya siku 30. Mi nikasoma waraka wote, nikasoma mkataba wa mauzo, nikasoma foleni ya malipo mara tatu, nikaona safi. Kijana mmoja wetu wa data, sio mwanasheria, akaja na kompyuta yake akaniambia dada, hii mikopo mbona ina tarehe za malipo zilizosogezwa mbele, mingi, na yote imesogezwa miezi miwili kabla ya kuuzwa. Tukarudi kwenye tafsiri ya neno kuchelewa, iko nyuma huko kurasa zaidi ya mia moja kutoka mwanzo, tukakuta mkopo uliosogezwa tarehe unahesabiwa upya kama haujawahi kuchelewa. Kwahiyo ile sentensi ya mwanzoni ilikuwa kweli kwa maneno yao na uongo kwa mtu yeyote mwenye akili timamu anayeisoma. Tukawaandikia. Wakajibu ndo kawaida ya soko. Tukawaandikia tena, na tena, mara ya tatu wakaitoa ile mikopo na maelezo ya kusogeza tarehe wakayapandisha ukurasa wa mbele. Wanunuzi wa dili lile walikuwemo mifuko ya pensheni, hela za watu wanaostaafu, na mi peke yangu ningelipitisha. Hilo linaninyima raha mpaka leo.

Ndo maana nasema msomaji wako kagusa penyewe lakini kidonda kiko kwingine. Tatizo sio kwamba tunakagua karatasi, hela iko ndani ya karatasi, haiko kwenye sanduku mahali. Tatizo ni kwamba ofisi nyingi zinaajiri wanasheria kumi na mtu wa data mmoja, tena wa kuazima, wakati faili moja lina mikopo elfu 60. Naomba hili liandikwe na lisemwe kwa wanaopanga bajeti, tupeni watu wa kusoma namba, wakae deski moja na sisi. Na wale wanaosimamia mifuko ya pensheni wasisubiri serikali, data ya mkopo mmoja mmoja waiombe, wakiambiwa haipo wawe na ujasiri wa kutonunua, maana sisi kisheria hatumwambii mtu nunua au acha, sisi tunahakikisha kilichoandikwa ndicho kilichopo, uamuzi ni wake.

Msomaji wako aliuliza pia kwa nini hatutangazi tulichowahoji wenye madili, eti kuna siri kati yetu na makampuni. Wakati faili liko mezani ni kweli hatusemi, bei ya soko inaweza kuyumba kwa swali tu ambalo lina jibu zuri. Lakini likishaisha hakuna sababu ya kuficha. SEC barua zao za maswali na majibu ya kampuni huwa wanaziweka wazi kwa umma, sio mapema kuliko siku 20 za kazi baada ya mapitio kukamilika, mtu yeyote anazisoma bure. Aanze na hizo, aangalie ni mara ngapi swali lile lile limeulizwa zaidi ya mara moja kabla ya kujibiwa.

Mwanasheria wa serikali, jina langu unalo mhariri, naomba usilichapishe.