Kaushio la jua bila tundu la juu huozesha maembe

Mhariri,

Kila maembe yakijaa Mkuranga na Muheza, watu huhimizwa kujitengenezea kaushio la jua. Ushauri ni mzuri, ila mengi yanayotengenezwa mitaani yamezibwa pande zote kama oveni. Embe linatoka jasho, jasho halina pa kwenda, kesho yake ni ukungu mtupu. Joto peke yake halikaushi. Lazima hewa ipite iondoke na unyevu.

Kwa familia linatosha sanduku la mbao la mita 1 kwa sentimita 60. Ubao wa mbele uwe na kimo cha sentimita 20, wa nyuma 40, ili nailoni ikae mteremko na mvua isituame. Toboa matundu chini mbele na mengine juu kabisa nyuma; ya juu yasizidiwe ukubwa na ya chini. Yawambwe wavu wa dirishani, nzi wasiingie. Ndani paka rangi nyeusi isiyong'aa. Nunua nailoni ya kitalu nyumba, maana ya kawaida hupasuka mapema kwa jua.

Trei ikae sentimita 10 juu ya sakafu, iwambwe wavu wa plastiki. Wavu wa kuku, ambao wengi huukimbilia kwa urahisi wa bei, una zinki, na tindikali ya embe huila ikaingia kwenye chakula.

Kwa ukanda wa Pwani, kuanzia katikati ya Oktoba hadi Februari jua la saa sita hupita upande wa kusini, basi mteremko uelekee huko. Mboga za Juni, geuza kaskazini.

Kata vipande vya milimita 5 hadi 8, vyote unene mmoja. Joto liwe nyuzi 50 hadi 60. Likizidi 65, ngozi ya nje hukakamaa na kufungia maji ndani. Kipande huonekana kimekauka, kumbe kitaoza kwenye mfuko. Mchicha na kisamvu vitandiwe kitambaa cheusi juu ya trei, kisiviguse, kwani jua la moja kwa moja huharibu vitamini A. Jioni trei ziingie ndani kabla ya umande.

Embe lililokauka hupindika bila kukatika, na ukilibana halitoi maji. Litie kwenye chupa ya kioo, ufunge. Kesho yake ukiona matone ndani ya chupa, rudisha vipande kwenye kaushio.

Msomaji wenu,
Morogoro