Kwa Nini Tela la Jeshi Tunaanza Kulitengenezea Uvunguni

Karibu kila mteja anayetuletea karakanani tela la jeshi tuligeuze liwe tela la kambi hufika na picha kwenye simu. Hema limefunguliwa juu, meza ya jiko imevutwa pembeni, taa ndogo zinawaka, na nyuma yake kuna mlima au mto. Swali lake la kwanza huwa hilohilo: hema litakaa wapi, na friji itaingia wapi? Sisi humwomba atupe siku mbili kabla ya kumjibu, kwa sababu siku hizo mbili tunazimalizia uvunguni, na tutakachokikuta huko ndicho kitakachoamua kama hema litakaa juu au halitakaa kabisa.

Tela la jeshi lilitengenezwa vizuri sana, ila lilitengenezewa kazi nyingine. Lilikusudiwa kubeba risasi, maji na vipuri, likiwa limejaa pomoni, likivutwa na gari moja maalumu ambalo mafundi wake walilijua upana, kimo na hata umeme wake. Wewe unataka libebe mzigo mwepesi zaidi, nyuma ya pikapu ambayo hawakuifikiria. Karibu kila tatizo tunalolikuta kwenye matela haya linaanzia hapo.

Kwanza ujue umenunua nini, au unataka kununua nini. M416 la Marekani ni dogo, la robo tani, la ukoo mmoja na yale matela ambayo kampuni ya Bantam ilitengeneza yafuate jeep wakati wa Vita vya Pili vya Dunia. Likiwa tupu lina kilo 260 hivi, na nje ya lami limeruhusiwa kubeba takriban kilo 225 tu. Bodi lake ni beseni la chuma lisilopitisha maji, kiasi kwamba huweza kuelea mtoni, ndiyo maana sakafuni utakuta vizibo vya kutolea maji. M101 ni la robo tatu ya tani: tupu ni kilo 600 hivi, na mzigo wake nje ya barabara ni kilo 680. M1101 na M1102 ndiyo yaliyotengenezwa kufuata Humvee, lile gari pana la jeshi la Marekani. Yana bodi la alumini, na yakijazwa M1101 hufika kilo 1,540 hivi na M1102 kilo 1,900. Kwa upande wa Uingereza kuna matela ya Sankey yaliyovutwa na Land Rover. Kwa pikapu ya kati, sisi tunapenda M416 au Sankey. Tukiona mtu anataka M1102 kwa sababu lilipatikana kwa bei rahisi, tunamsihi asubiri kidogo, na sababu kubwa ni upana.

Humvee ina takriban mita 1.82 kutoka katikati ya tairi la kushoto hadi katikati ya tairi la kulia, na tela lake lilifanywa likanyage njia hiyohiyo. Pikapu nyingi za kati ziko kwenye mita 1.5 na kitu. Maana yake kila tairi la tela linapita sentimita 13 au zaidi nje ya alama ya tairi la pikapu. Kwenye lami hutaona chochote. Kwenye mchanga au tope, pikapu imekwisha kukanyaga na kushindilia mtaro wake, halafu tela linakuja kulima mitaro miwili mipya kandokando. Injini inavuta jembe. Na pale ulipopenya kati ya mawe mawili ukashusha pumzi, tairi la tela linagonga jiwe ambalo wewe ulishalisahau.

Ndiyo maana mara nyingi tunabadilisha ekseli nzima, tukiweka yenye upana wa pikapu yako na habu, yaani vitovu vya magurudumu, zenye nati sawa na za pikapu yako. Hapo watu hudanganyika kirahisi. M416 lina nati 5 kwenye duara la milimita 139.7, na Toyota Hilux nyingi zina nati 6 kwenye duara hilohilo. Ukipima duara peke yake utadhani rimu zinaingiliana. Haziingiliani. Tukishabadilisha habu, tairi moja la akiba linatosha magari yote mawili, na ukikwama kweli unaweza kutoa tairi la tela ukalifunga kwenye pikapu ukatoka. Kwangu mimi hilo lina thamani kuliko jiko la kuvuta.

Springi, zile za mabamba ya chuma yaliyopangwa, ndizo zinazofuata. Seti iliyopangwa kwa kilo 680, ukiiwekea mzigo wa kambi wa kilo 250, haikunji. Tela linarukaruka kama mpira, mayai yanapasuka, misumari ya rafu inalegea, na kila likiruka tairi haliko ardhini. Tunapunguza bamba moja au mawili, tukianza na yale ya chini. Bamba kuu lenye macho haliguswi. Boliti za U zikishafunguliwa hazirudi, tunafunga mpya, na baada ya safari ya kwanza tunaomba urudi tuzikaze tena. Shokapu za zamani mara nyingi zimevuja zikakauka, hivyo nazo hubadilishwa.

Sasa pua ya tela, yaani uzito unaokaa kwenye sehemu ya kufungia. Nitakaa hapa kidogo, kwa sababu hapa ndipo watu wanapoumia.

Tela la ekseli moja linatakiwa liegemeze kama asilimia 10 hadi 15 ya uzito wake wote kwenye pikapu. Likiegemeza kidogo mno, mkia unaanza kucheza kushoto na kulia ukifika mwendo fulani, na ukishaanza, usukani wa pikapu ndio unaofuata. Mteja mmoja alituletea tela alilojijengea mwenyewe kwa ustadi mkubwa, mbao zimepigwa msasa, droo zinateleza bila kelele. Alisema tu kwamba kwenye mteremko mrefu “linanivuta”. Tulilipima likiwa na mizigo yake yote: kilo 720. Pua, tulipoiweka juu ya mzani: kilo 35. Hiyo haifiki hata asilimia 5.

Alikuwa ameweka tangi la maji la lita 60 nyuma kabisa, karibu na bomba la kunawia, kwa sababu huko ndiko linakotumika. Hesabu yake ni rahisi. Lita 1 ya maji ni kilo 1. Tangi lilikuwa mita 1 nyuma ya ekseli, na kutoka ekseli hadi pete ya kuvutia ni mita 2, kwa hiyo kilo zile 60 zilikuwa zinainua pua kwa kilo 30. Tulilihamisha likakaa nusu mita mbele ya ekseli, chini sakafuni. Sasa linaibonyeza pua kwa kilo 15. Pua ikafika kilo 80, yaani asilimia 11. Maji yakiisha yote inabaki kilo 65 kwenye tela la kilo 660, bado karibu na asilimia 10. Hatukugusa droo hata moja. Bomba lake liko palepale nyuma, tumelipelekea mpira mrefu na pampu ndogo.

Unaweza kupima mwenyewe leo. Pakia tela kama unavyolipakia ukisafiri, matangi yote yamejaa, weka mzani wa nyumbani juu ya tofali au gogo ili pete ikae kwenye kimo kilekile cha pikapu, halafu shusha pua polepole juu yake. Tela lazima liwe limelala sawasawa. Likiinua pua, uzito unarudi nyuma na kipimo kinakudanganya. Na kumbuka kwamba kilo hizo za pua zinahesabiwa ndani ya mzigo wa pikapu yenyewe, pamoja na watu na mabegi.

Kuhusu namna ya kufunga, jeshi hutumia pete ya chuma yenye tundu la milimita 76 inayoingia kwenye ndoano yenye taya ya kufunga. Ni imara na inageuka pande zote bila kukwama, ila ina nafasi ndani yake, kwa hiyo inagonga: kila ukikanyaga breki, kang, kila ukiondoka, kang. Wapo wasiojali. Tufe la kawaida la magari ya raia ni kimya, lakini kwenye mabonde makali linafika mwisho wa kugeuka haraka, na hapo ndipo chuma hupinda. Kwa wanaokwenda mbali kweli tunafunga kiungo chenye bawaba za pande tatu. Ni ghali zaidi na hatukulazimishi, ila minyororo miwili ya usalama, iliyopishanishwa chini ya mkono wa kuvutia, haina mjadala. Pua ikichomoka, minyororo iliyopishana inaidaka kabla haijachimba ardhi.

Breki pia tunaziangalia kwa uzito wa jumla. M416 lina breki ya mkono ya kuegeshea tu. Kwa uzito wake mdogo inakubalika sehemu nyingi, lakini sheria hutofautiana: Uingereza, kwa mfano, tela lisilo na breki haliruhusiwi kuzidi kilo 750, wala nusu ya uzito wa gari linalolivuta. Uliza mamlaka ya kwenu kabla ya kununua, na uulize vilevile habari za usajili. Matela mengi ya jeshi hayajawahi kuwa na kadi ya kiraia. Kwa yanayouzwa na serikali ya Marekani, hati ya kuulizia ni SF 97, yaani cheti cha serikali cha kuombea usajili, na bila hati ya namna hiyo unaweza kuwa na tela zuri lisiloweza kutoka getini.

Umeme wa jeshi mara nyingi ni volti 24, plagi ina pini 12, na pikapu yako ni volti 12. Balbu za zamani ukizipa volti 12 zinawaka kama mkaa unaozimika. Hatujaribu kuokoa waya hizo. Tunatoa zote, tunaweka taa za LED za volti 12, na kila taa tunaipa waya wake wa kurudishia umeme badala ya kutegemea chuma cha bodi, maana chini ya rangi nene na kutu umeme haupiti vizuri.

Nimetaja rangi. Tafadhali nisikilize hapa, hasa wewe unayetaka kuanza kazi mwenyewe nyumbani na watoto wako karibu. Tangu miaka ya 1980 jeshi la Marekani limekuwa likipaka rangi maalumu inayostahimili kemikali za vita. Rangi ya chini ya matela ya zamani inaweza kuwa na kromiamu ya sumu, na ya zamani zaidi madini ya risasi (ledi), ambayo nayo ni sumu. Ukipiga grainda kavu, vumbi hilo linaingia kwenye mapafu na kwenye nguo unazoingia nazo ndani. Ukichomelea juu yake, moshi wake una kemikali iitwayo isosianati, ambayo inaweza kukuachia pumu ya kudumu. Barakoa ya kitambaa haisaidii. Sisi tunailainisha kwa dawa ya kutolea rangi, tunaikwangua ikiwa na maji, na hakuna anayechomelea kabla chuma hakijaonekana cheupe sentimita 10 kila upande wa mshono. Kama huna vifaa hivyo, tuachie kazi hiyo moja, mengine ufanye mwenyewe.

Juu ya bodi sitasema mengi, maana kila mtu ana mapenzi yake. Hema la juu lina kilo 50 hadi 70, na likikunjwa lisizidi paa la pikapu, upepo na matawi viipige pikapu kwanza. Bodi la alumini halichomelewi na chuma. Tunafunga kwa boliti zisizoshika kutu na kuweka mpira katikati, la sivyo metali mbili hizo zinalana. Vumbi linaingilia nyuma, ambako hewa inavutwa, kwa hiyo mpira wa mlango wa nyuma ndio wa kuukagua kila safari.

Kabla hatujakukabidhi, tunalivuta tela kilomita 30 na kusimama. Fundi anaweka kiganja kwenye kila habu. Uvuguvugu ni sawa. Ikiwa mkono haukai, beringi imekazwa kupita kiasi au haina grisi. Nawe fanya hivyo kila ukisimama, na usikimbilie kuvuka mto habu zikiwa za moto: zikipoa ghafla zinavuta maji kupitia sili, yaani mpira wa kuzuia maji. Juzi tulifungua habu ya tela lililovuka mto miezi mitatu iliyopita. Grisi ilikuwa nyeupe kama maziwa, na beringi za ndani zilikuwa na madoa ya kutu kila roli ilipokuwa imetulia. Mwenyewe alikuwa hajasikia hata mlio.

Ukija kwetu, usilete tela peke yake. Njoo na pikapu, ikiwa imepakiwa kama unavyosafiri, pamoja na wale unaosafiri nao. Mzani tunao.