Wamehesabu hata kiti cha miguu mitatu

Bwana Mhariri,

Ninasoma gazeti lako tangu Katanga ikiwa bado jimbo moja, kabla ya kukatwa vipande vinne mwaka 2015, na sijawahi kukuandikia hata mstari. Lakini ile habari yenu juu ya mkutano wa kusaidia wenye malewa, yaani vibanda vya chakula, na nyumba ndogo za wageni imenishinda kumeza. Makala yenu niliisoma nikipuliza makala (makaa) jikoni, na zote mbili zilinitoa machozi.

Yule bwana wa mkutano alisema sisi wadogo tunaanguka kwa sababu hatujui kushika hesabu, basi tutafutiwe mafunzo. Mimi nina vyumba saba na meza sita hapa Kamalondo, si mbali na uwanja wa mpira wa Mazembe. Kila usiku ninaandika daftari langu kwa taa ya simu: unga, mafuta, samaki, sabuni ya mashuka, mshahara wa mabinti wawili. Hesabu ninaijua, ndiyo maana silali.

Unga peke yake ni darasa. Mwezi wa nane 2024, Zambia ilipofunga mpaka wa Kasumbalesa, unakopitia unga wetu, kwa siku chache tu, kwa ugomvi wa bia na soda (serikali yetu huku Kongo ilikuwa imekataza vinywaji vyao visiingie), mimi nisiyeuza hata chupa moja ya Zambia ndiye niliyepunguza bukari, ugali wetu, kwenye sahani. Wateja waliona. Mmoja aliuliza kama hiyo ni ya kuonja. Na TVA, kodi ya ongezeko la thamani, ya asilimia 16, iliyoanza 2012? Hoteli kubwa inayoitoza wateja wake inakata ile iliyolipa dukani kabla ya kupeleka serikalini. Mimi mdogo, ambaye sipo kwenye mpango huo, nikinunua mafuta yenye TVA ndani ninaimeza yote.

Sasa nikueleze Alhamisi moja. Saa sita na nusu, meza zimejaa, sombe inatoka motoni, wakaingia vijana watatu wa kodi na mkoba mmoja. Hawakusalimia. Wakaanza kuhesabu viti vya kutozwa kodi, na wateja wamekalia! Mmoja alimwinua mzee wa watu, dereva wa lori aliyetoka Likasi bila kifungua kinywa, ili ahakikishe chini yake ni kiti na si benchi. Wakafika uani, wakahesabu kiti cha miguu mitatu ambacho kazi yake ni kubeba bidoni la maji, kimeegemezwa ukutani kisianguke. Cha kumi na tisa hicho. Nikasema hicho hakikaliwi na mtu. Wakasema kiti ni kiti. Kisha mdogo wao akasikia redio jikoni, akafungua karatasi nyingine: kodi ya muziki. Bwana Mhariri, redio saa ile ilikuwa inatoa matangazo ya vifo! Mtangazaji alikuwa anataja jina la marehemu na mahali pa kilio. Nikamwambia, mwanangu, sikiliza vizuri, huo ndio muziki unaonitoza? Akanijibu, «Mama, baada ya matangazo wataweka wimbo.» Wakakaa kuungojea, na wakingojea wakala. Sahani tatu, samaki wazima, hakuna aliyelipa. Wimbo ulipokuja, akaandika. Nikaomba risiti ya pesa niliyotoa, nikaambiwa kitabu cha risiti kimebaki ofisini, nipite Jumatatu. Nimepita Jumatatu tatu.

Mwanangu anasoma sheria chuo kikuu. Alinisomea kifungu cha 174 cha Katiba ya 2006: hakuna kodi ila iliyowekwa na sheria. Akanionyesha pia kwamba orodha ya kodi za jimbo na za komini (wilaya za mji) iliandikwa tangu mwezi wa tatu 2018. Vizuri. Vijana waliporudi kuulizia deni la viti niliwaomba wanionyeshe mstari wake. Mkubwa wao akasema, «Mama, sisi tunatumwa tu.»

Na kwa kuwa nimeshafungua mdomo, umeme nao. Mtaani kwetu unakuja usiku wa manane, watu wamelala, unaondoka alfajiri wageni wakitaka maji ya moto. Fakitire, hati ya kulipia, haikosi, tena ya kukadiria, kwa sababu mita sina. Umeme tunajua unakokwenda, migodi haipikii makala. Nikanunua jenereta ndogo ya Kichina ili firiji isioze samaki. Wiki mbili hazijaisha, akaja mwingine, kikoti tofauti, kunidai kodi ya moshi. Nikiwasha ninalipa, nikizima ninalipa.

Sikatai kulipa Leta, serikali. Patanti yangu, leseni ya biashara, iko ukutani, ndani ya kioo, karibu na picha ya harusi yangu. Ila mafunzo yenu ya hesabu muwapelekee wanaohesabu. Mimi ninaomba rangi. Kila komini ichukue ukuta wake wa mbele na kuandika, kwa herufi kubwa kama zile za tangazo la bia ya Simba, kodi zote za malewa na vyumba vya wageni: jina lake, bei yake kwa franka, mwezi wake, na namba ya konti ya benki ya kulipia. Isiyo ukutani haipo. Mafundi wa kuandika kuta wamejaa mjini na hawana kazi, mimi mwenyewe nitatoa bukari ya siku watakayoandika.

Tena wasije kati ya saa sita na saa nane. Atakayekuja na kutaka kukaa angojee wimbo, nitampa kile cha kumi na tisa.

Mama mwenye vyumba saba,
Kamalondo, Lubumbashi